Kazi Yangu ni Kukausha

Watu wakiniuliza ninafanya nini kwenye kliniki ya meno, huwajibu kwa neno moja: ninakausha. Daktari ndiye anayetoboa, ndiye anayeziba, ndiye anayeweka sahihi kwenye kadi. Mimi hukaa upande wa kushoto wa kiti, mkono mmoja umeshika mrija wa kunyonya mate, mkono wa pili una pamba, na kwa dakika kumi au kumi na tano kazi yangu yote duniani ni kuhakikisha kwamba jino moja la mtoto mmoja halijaguswa na mate. Ukisikia hivyo unaweza kufikiri ni kazi ya mtu aliyekosa kazi. Mama yangu, aliyeuza ng'ombe ili nisome, akiulizwa na wenzake kanisani siku ya Sabato husema tu, "Huyo yuko upande wa meno," halafu anageuza mazungumzo.

Mimi sioni haya. Nimekaa kando ya kile kiti miaka tisa, hapa karibu na soko la Nyakoe, kwenye barabara itokayo Kisii kwenda Oyugis na Kisumu, na ninajua kitu ambacho wazazi wengi hawajaambiwa. Dawa ya kuziba jino inaweza kuwa ya bei kuliko zote, daktari anaweza kuwa amesoma mpaka ng'ambo, lakini mate yakipita mahali fulani kwa sekunde moja tu, na hakuna aliyeona, vyote viwili vimeingia maji. Baada ya wiki chache dawa inatoka, mzazi anasema amekulwa pesa, na mtoto anaambiwa arudi kwenye kiti kilekile alichokalia akilia mara ya kwanza.

Ili uelewe, nenda kwanza steji ukamtazame fundi wa pancha. Boda imekanyaga msumari. Fundi anatoa tyubu, anaijaza upepo, anaizamisha kwenye karai la maji, anatafuta povu. Akishapata tundu, haharakishi. Anaipangusa tyubu mpaka ikauke kabisa, anakwaruza pale mahali kwa msasa mpaka ule mng'aro uishe, anapaka solusheni, anangoja. Mwenye boda anamwambia, "Bandika tu, boss, nina mteja." Fundi hata hamjibu. Na ukitia kidole pale palipokwaruzwa atakufukuza, kwa sababu anajua jasho na mafuta ya kidole chako yatakaa kati ya mpira na kiraka, na hicho kiraka hakitafika hata Mosocho.

Kuziba jino kwa gundi ni pancha hiyohiyo. Ganda la nje la jino, tunaloliita enameli, karibu asilimia 96 ya uzito wake ni madini. Ni gumu, ni laini juu yake, linang'aa. Gundi haina pa kushika. Mwaka 1955 daktari wa meno Mmarekani, Michael Buonocore, aliyekuwa akifanya kazi Rochester katika jimbo la New York, alichapisha wazo alilolitoa viwandani. Huko chuma kilikuwa kikipakwa asidi ya fosforiki kabla ya rangi, ili rangi ishike. Akajaribu asidi hiyo juu ya jino. Yeye alitumia ya asilimia 85. Siku hizi tunatumia ya karibu asilimia 37, nzito kama jeli, inakaa juu ya enameli sekunde 15 hadi 30, kisha inaoshwa kwa maji na jino linapulizwa upepo.

Hapo ndipo unapoona jambo ambalo mimi bado halijanizoea. Sehemu iliyoguswa na asidi inapoteza mng'aro wake na kuwa nyeupe kama chaki. Kwa macho ni rangi tu imebadilika. Kwa darubini ni sega la nyuki: vishimo vingi vidogo, kina chake ni kama sehemu moja au mbili za mia za milimita. Gundi ikiwa bado ni maji maji inaingia mle ndani, taa ya bluu inaigandisha, na sasa dawa haijabandikwa tena juu ya jino. Imeota mizizi ndani yake.

Kati ya ile chaki na ile taa ya bluu kuna muda mfupi, chini ya dakika moja. Huo ndio muda wangu.

Mate yakigusa ile chaki, inang'aa tena. Ukiona hivyo unajua. Mtu asiyejua atasema, si ni maji tu, yapulize yakauke tuendelee. Ni kweli kwamba zaidi ya asilimia 99 ya mate ni maji. Tatizo ni kile kidogo kilichobaki: protini na vitu vya utelezi vinavyofanya mate yavutike kama uzi wa bamia. Protini hizo zinapenda jino. Zinalishika mara moja, zinajaza vile vishimo na kuweka utando juu yake. Maji unaweza kuyafukuza kwa upepo, utando hauondoki kwa upepo. Kwa kweli ukipuliza unaukaushia palepale. Hata kuosha kwa maji hakuutoi wote. Ndiyo maana kanuni inasema: mate yakishaingia baada ya asidi, rudia asidi tena kwa sekunde chache, osha, kausha, anza upya. Kama gundi ilikuwa imepakwa tayari ndipo mate yakaingia, nayo ishughulikiwe: osha, kausha, paka nyingine. Hakuna njia ya mkato, na mtoto wa miaka sita haelewi kwa nini tulikuwa tumemwambia tunamaliza.

Kitu kinachonishangaza ni kwamba mate hayafanyi ubaya wowote. Yanafanya kazi yake. Ule utando ni blanketi ambalo mwili hulifunika jino kila siku ya Mungu lisiliwe na asidi. Mtoto akinywa chai yenye sukari, bakteria wanaigeuza sukari kuwa asidi, na mate ndiyo yanayokuja kuipunguza makali na kulirudishia jino kalisi na fosfeti lililopoteza. Mtu ambaye tezi zake za mate zimeharibika, kwa mfano baada ya kuchomwa na mionzi ya kutibu saratani, meno yake huoza haraka sana. Kwa hiyo tunapomwekea mtoto jino asidi halafu mate yakaja mbio kulifunika, ni kama mbwa wa boma anayembwekea daktari wa mifugo. Hajui huyu amekuja kutibu.

Sasa weka hayo yote kwenye mdomo wa mtoto.

Mdomo wenyewe ni mdogo, ulimi unaujaza. Ulimi wa mtoto una udadisi kuliko macho yake. Ukiweka pamba, ulimi unakuja kuiuliza pamba wewe ni nani. Mtoto akiogopa analia, akilia kamasi na mate vinashuka pamoja, anakohoa, anameza, anafunga mdomo kidogo tu "kupumzika". Enameli ya meno ya utotoni ni nyembamba kuliko ya meno ya ukubwani, na shimo likishapita pale linaingia dentini upesi. Dentini nayo ina masharti yake: haitaki mate, lakini haitaki ukame pia. Ina nyuzi ndogo za kolajeni ambazo zikikaushwa kupita kiasi zinalala kama majani ya mgomba wakati wa jua kali, na gundi haipati njia ya kupita. Inabaki na unyevu wa maji safi, basi. Kwa hiyo ninaposema ninakausha, ni kukausha kwa kipimo. Unyevu wa maji yetu unaruhusiwa, unyevu wa mate haurusiwi, na vyote viwili vinang'aa sawasawa chini ya taa.

Halafu kuna lile gego la kwanza la ukubwani, linaloota karibu na miaka sita. Wazazi wengi hudhani ni jino la utotoni kwa sababu hakuna jino lililong'oka kulipisha. Linajitokeza nyuma kabisa, polepole, miezi mingi likiwa limefunikwa nusu na kipande cha ufizi. Juu yake kuna mifereji mirefu ambayo brashi haifiki, na hapo ndipo huanza kuoza. Ndilo jino tunalotamani kulikinga kwa kuziba mifereji yake kabla haijatoboka, na ndilo jino gumu kuliko yote kulikausha, kwa sababu kile kipande cha ufizi kinavuja na tezi kubwa ya mate ya shavuni inamwaga karibu na hapo. Jino linalohitaji gundi mapema ndilo linalooga mate zaidi.

Na sisi tuko Kisii. Mvua ya alasiri huku haihitaji ruhusa ya msimu. Hewa ikiwa na unyevu, kompresa inayotupulizia upepo inakusanya maji tumboni, na usipoyamwaga yatatoka kwenye bomba pamoja na upepo, pengine na mafuta kidogo ya mashine, moja kwa moja mpaka kwenye jino ulilotoka kulikausha. Kila asubuhi kabla ya mgonjwa wa kwanza ninafungua koki ya chini nayamwaga, kisha napuliza upepo juu ya kioo kidogo cha kutazamia meno. Kioo kikipata ukungu au doa, hatuanzi. Mvua ikishika vizuri, stima nayo huaga. Taa ya bluu ina betri, haina shida. Lakini mashine ya kunyonya mate inanyamaza palepale, katikati ya jino, na mimi ninabaki na pamba na vidole vyangu. Nimewahi kubadilisha pamba kumi na moja katika jino moja, mama wa mtoto akimulika kwa simu.

Kuna kifaa kilichobuniwa kwa ajili ya shida hii kabla babu zetu hawajazaliwa. Mwaka 1864 daktari wa meno wa New York, Sanford Barnum, alichoka na mate ya wagonjwa wake, akachukua kipande cha mpira, akatoboa tundu, akalipitisha jino kwenye tundu. Jino likabaki juu, mate, ulimi na shavu vikabaki chini. Mpaka leo hakuna kilichowahi kuushinda huo mpira. Kwenye kliniki za hapa Kenya wengi huuita kwa jina lake la Kiingereza, na matamshi yake yakipita masikioni mwetu yanakuwa "raba damu". Hebu fikiria mama amekaa pembeni, mtoto amelala kitini, daktari ananiambia, "Niletee raba damu." Mama mmoja kutoka upande wa Marani alisimama akachukua mkoba wake. Tangu siku hiyo tunauita koti la mvua. "Jino lako linavaa koti la mvua," namwambia mtoto, na kwa kuwa ni mtoto wa Kisii, koti la mvua analijua.

Koti lina bei yake. Linashikwa na kibanio cha chuma kinachobana ufizi, kwa hiyo mara nyingi linataka sindano ya ganzi. Mtoto anayepumua kwa mdomo kwa sababu ya mafua hawezi kulivumilia. Na gego lililotokeza nusu halina kiuno cha kushikwa na kibanio. Hapo tunarudi kwenye pamba, mrija na subira.

Daktari wetu ni mtu wa Machakos. Wiki yake ya kwanza hapa mtoto wa miaka minne alipanda kitini akaanza kulia, "Baba! Baba!" Daktari akaniambia nimwite baba yake mtoto. Nikatoka nikamleta mama. Akanitazama kama mtu aliyetumwa chumvi akaleta sukari. Ikabidi nimweleze kwamba kwa Ekegusii baba ni mama, na baba ni tata. Tulicheka wote watatu, mtoto akanyamaza atazame tunacheka nini, na katika kule kunyamaza nikapata sekunde thelathini za ukavu. Nakwambia haya ujue kwamba lugha pia ni kifaa. Mtoto akielewa unachosema, mate yanapungua.

Mwaka juzi alikuja nyanya mmoja na mjukuu wa miaka saba. Wanatoka ndani huko, mwendo wa boda halafu matatu. Mtoto alikuwa na gego la utotoni la chini lililokuwa limezibwa mahali pengine, dawa nyeupe nzuri, ikatoka kabla ya mwezi kuisha. Nyanya alikuwa ameibeba kwenye karatasi ya gazeti, akaifungua juu ya meza ya mapokezi kama mtu anayeleta ushahidi.

"Nililipa elfu mbili na mia tano," akasema. "Hiyo ni mikungu mitano ya ndizi, mwanangu, na nauli sijahesabu. Hii dawa ya siku hizi ni feki?"

Daktari akaitazama kwa lenzi yake. Ilikuwa nzima, haikuvunjika. Ilitoka kama kokwa ya parachichi, upande wake wa ndani laini kabisa. Alinionyesha bila kusema kitu, nami nikaelewa. Dawa inapovunjika inaacha vipande vikiwa vimeshika jino. Inapotoka nzima na safi mara nyingi ni kwamba haikuwahi kushika.

"Si feki, nyanya," nikamwambia. "Siku ile mtoto alilia sana?"

"Alilia! Walimshika watu wawili."

"Basi pengine mate yaliingia."

Alininyamazia kwa muda. "Mate?"

"Mate."

"Mimi nimelipa elfu mbili na mia tano, zikaondoka na mate."

Halafu akasema lile ambalo nyanya wote husema, na si neno la kijinga hata kidogo: "Ling'oeni. Si ni jino la utotoni? Si litang'oka tu lenyewe?"

Hapa ndipo kazi yangu na maneno ya watu hugongana. Ni kweli, litang'oka. Lile gego la utotoni huondoka kati ya miaka 10 na 12. Kwa mtoto wa miaka saba hiyo ni miaka mitatu hadi mitano ya kula mahindi ya kuchoma upande mmoja, ya kuamka usiku, ya kukosa shule. Na jino hilo linashika nafasi ya mwenzake anayekuja chini yake. Ukiling'oa mapema, gego la nyuma linasogea mbele, na jino la ukubwani likifika linakuta nyumba imekaliwa. Tunabandika dawa kwenye kitu kitakachoanguka, ndiyo. Lakini hata kiota cha ndege ni cha msimu mmoja, na hakuna ndege anayekijenga ovyo.

Daktari alimweleza kwamba hatutarudia dawa ileile. Mtoto alikuwa bado anaogopa, na shimo lilikuwa katikati ya meno mawili, karibu na ufizi, mahali pabaya kukausha. Akachagua saruji ya glasi ayonoma. Hiyo ilitengenezwa Uingereza na Alan Wilson na Brian Kent, waliotangaza kazi yao mwanzoni mwa miaka ya 1970. Haitegemei vile vishimo vya chaki peke yake. Inashikana na kalisi ya jino kwa kemia, inavumilia unyevu kiasi, na inatoa floraidi polepole. Kuvumilia si kupenda. Mate bado yanaidhuru. Lakini inamsamehe mtoto anayemeza.

Watu hudhani mambo haya yote hutoka Ulaya yakatufikia huku yamechoka. Njia ya kusafisha jino kwa vyombo vya mkono tu, bila mashine, bila stima, kisha kulijaza saruji hii, ilianzia Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980 Jo Frencken, Mholanzi aliyekuwa kwenye shule ya udaktari wa meno ya Dar es Salaam, aliijaribu pale kwa sababu mashine hazikuwa na stima na wagonjwa walikuwa wengi. Baadaye ikapelekwa Thailand na Zimbabwe, na mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likaitangaza dunia nzima. Leo wanaitumia hata kwenye nchi ambazo stima haijawahi kupotea, kwa watoto wanaoogopa sauti ya mashine.

Na hapa Kenya kuna watu waliokaa chini wakahesabu. Arthur Kemoli wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walikwenda shule za vijijini za Matungulu na Mitaboni, huko Machakos, wakaziba magego ya utotoni ya watoto zaidi ya 800 wa miaka 6 hadi 8 kwa njia hiyo, mashimo ya katikati ya meno mawili kama la mjukuu wa yule nyanya. Baadhi waliwekewa koti la mvua, wengine pamba. Baada ya miaka miwili wakarudi kutazama. Yaliyovaa koti yalifanya vizuri zaidi kuliko ya pamba. Lakini hata hivyo, yote kwa jumla, ni karibu theluthi moja tu ya dawa zilizokuwa bado zimesimama.

Daktari aliponisimulia haya alisema, "Hizo shule ni za kwetu," kwa sauti ya mtu anayetaja deni la familia. Mimi sikuvunjika moyo. Nilifurahi kwamba mtu alikuwa na ujasiri wa kuandika theluthi moja. Shimo la katikati ya meno mawili ni gumu kwa njia hii; la juu ya jino, lenye kuta pande zote, hudumu vizuri zaidi. Mzazi akijua hilo kabla ya kulipa, hataibeba dawa kwenye gazeti kama ushahidi. Na wale watafiti waliuliza jambo jingine pia, nami nalishukuru mpaka leo: je, uzoefu wa msaidizi una uzito katika kudumu kwa dawa? Mtu aliandika kwenye karatasi ya kisayansi kwamba yule anayeshika pamba ni wa kuhesabiwa. Nilimsomea mama yangu. Akaniuliza kama hiyo karatasi inaweza kusomwa kanisani.

Nauliza kwa sababu sehemu nyingi hakuna msaidizi. Daktari au afisa wa afya ya kinywa anafanya kazi peke yake, anatoboa kwa mkono mmoja na kushika ulimi kwa mwingine, na mama ameshika miguu ya mtoto. Wanunuzi wakija na katalogi, huonyesha gundi mpya, taa mpya, dawa ya rangi kumi na sita. Hakuna anayekuja kuuza mtu wa pili. Lakini mkono wa tatu na wa nne mdomoni ndio unaoamua kama hiyo gundi mpya itakutana na jino au itakutana na mate.

Kuhusu yule mtoto: tulimpa siku mbili. Siku ya kwanza hatukumgusa jino. Alikaa, akashika kioo, akapulizwa upepo kwenye ukucha, akaonja pamba, akaliona lile jua dogo la bluu likiwaka kwenye kiganja cha daktari. Nyanya alinung'unika kuhusu nauli, na alikuwa na haki. Siku ya pili walifika saa mbili asubuhi, mvua bado iko mbali. Daktari alisafisha shimo kwa kijiko cha mkono, mimi nikaweka pamba ndani ya shavu na nyingine kando ya ulimi, nikamwambia ahesabu madirisha kwa macho. Jino lilikauka. Saruji ikaingia. Daktari akaipaka mafuta juu yake na kuikandamiza kwa kidole. Kisha, kwa kuwa mtoto alikuwa ametulia, akafungua mbele zaidi na kuipaka saruji hiyohiyo juu ya lile gego la ukubwani lililokuwa linachungulia ufizini. "Hii ni ya kushikilia tu," akamwambia nyanya, "mpaka jino litoke lote. Likitoka tutaweka ya kudumu. Na hii ya huku mbele inaweza kutoka. Ikitoka, usiseme feki. Njoo."

Nyanya akasema, "Afadhali umeniambia."

Walirudi baada ya miezi sita. Saruji ya katikati ya meno ilikuwa imemegeka ukingo mmoja, nyingine imebaki, na mtoto alikuwa akitafuna upande huo. Gego la nyuma lilikuwa limejitokeza lote, zima, halina doa. Hilo ndilo litakalomfikisha uzeeni Mungu akimpa. Safari hii tuliliwekea koti la mvua, tukaweka ile asidi, tukaona chaki, na chaki ikabaki chaki mpaka taa ilipowaka.

Nikiombwa ushauri na wazazi, sina mwingi. Mlete mtoto asubuhi, kabla hajachoka na kabla mvua haijafika. Akiwa na mafua makali, ngojeni yapite, isipokuwa kama anaumwa. Usimwambie "hutaumia", mwambie "watakupulizia upepo". Na uulize maswali mawili bila woga: jino litakaushwa kwa nini, na nani atakuwa ameshika pamba. Daktari mzuri hatakasirika. Akikasirika, bado hujalipa.